GTK, Qt, wxWidgets au Electron: uchague ipi kwa programu huria ya mezani?

GTK 3, toleo la tatu la maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe, ilitoka Februari 2011. GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo GTK yenyewe ilizaliwa kwa ajili yake, ilimaliza kuhamia GTK 3 Machi 2025, ilipotoa toleo lake la 3.0. Hapo katikati, Desemba 2020, GTK 4 ilikuwa imeshatoka. Safari ya miaka 14, na siku ya kufika mwenyeji ameshahama.

Sisemi hayo kuwalaumu waandishi wa GIMP. Ni watu wachache, wengi wao wa kujitolea, na sehemu kubwa ya miaka hiyo waliitumia kujenga upya injini ya picha, GEGL, kazi iliyozaa toleo la 2.10 mwaka 2018. Nayasema kwa sababu anayeanza mradi huuliza, "Tulkiti ipi ni nzuri?", na naona swali hilo linapotosha. Tulkiti zote nitakazozitaja hapa zinaweza kuchora kitufe kizuri. Cha kuuliza ni hiki: toleo kubwa lijalo la tulkiti likifika, nani atafanya kazi ya kuhama?

Ninaposema tulkiti nina maana ya maktaba ya programu inayokupa madirisha, vitufe, menyu, orodha na visanduku vya kuandikia, ili usivichore mwenyewe kimoja kimoja. Ukiichagua umechagua na mengine yanayokuja nayo: lugha ya kuandikia, leseni, sura ya programu, na hata aina ya watu watakaojitokeza kukusaidia. Baada ya mistari elfu ishirini ya msimbo, majina ya tulkiti hiyo yamo katika kila faili, na kuyang'oa si kazi ya wikendi moja.

Leseni: GTK na Qt zilikotokea

Peter Mattis na Spencer Kimball, wanafunzi wa Berkeley, walianza GIMP wakitumia Motif, tulkiti ambayo haikuwa huria. Mtu aliyetaka kujenga GIMP kutoka kwenye msimbo alihitaji kwanza kuwa na Motif. Wakaandika ya kwao, wakaiita GTK, na ikatolewa kwa leseni ya LGPL, inayoruhusu hata programu ya kibiashara kuitumia bila kufungua msimbo wake.

Qt ilitoka Norwe, kwa Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng na kampuni yao ya Trolltech. Oktoba 1996 Matthias Ettrich alipotangaza mradi wa KDE, wa mazingira ya mezani (madirisha, menyu na programu za kompyuta nzima), aliichagua Qt kwa ubora wake. Lakini leseni ya Qt wakati ule haikukidhi masharti ya programu huria, na jambo hilo likazua ugomvi mkubwa. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME juu ya GTK, kusudi pawepo na mazingira ya mezani yaliyo huru tangu msingi. Mgawanyiko wa GNOME na KDE tunaouona hadi leo ulianzia kwenye leseni ya tulkiti moja. Sijui mfano mwingine ambapo aya chache za kisheria ziliamua kazi ya maelfu ya watu kwa muda mrefu namna hii.

Xfce, mazingira mengine ya mezani, nayo ilipitia humo humo. Ilianza juu ya XForms, tulkiti ambayo haikuwa huria, na Red Hat, kampuni inayosambaza Linux, ikakataa kuiweka katika mkusanyiko wake. Olivier Fourdan akaiandika upya kwa GTK mwaka 1999.

Hali ya leo ni nyingine. Qt ilipata leseni ya GPL, inayodai programu inayoitumia nayo ifunguliwe msimbo, mwaka 2000, na LGPL mwaka 2009 ikiwa chini ya Nokia. Kuna pia mkataba ambao watu wengi hawaujui: tangu 1998 upo wakfu wa KDE na Qt, wenye haki ya kuitoa Qt kwa leseni ya mtindo wa BSD, yenye masharti machache sana, endapo kampuni itaacha kutoa toleo huria ndani ya miezi 12. Huo ni ulinzi wa kweli. Hata hivyo Januari 2020 kampuni ya Qt ilitangaza kwamba matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu yatakuwa ya wateja wanaolipa, na KDE ikalazimika kukusanya na kutunza viraka (marekebisho madogo ya msimbo) vya Qt 5.15 yenyewe. Maana yake kwa mtu wa kujitolea ni moja: ukitumia Qt bila kulipa, jiandae kufuata toleo jipya kila linapotoka. Angalia pia leseni ya kila moduli, kwa sababu baadhi, kama Qt Charts, zina GPL pekee bila LGPL.

GTK haina kampuni inayoimiliki, na kwa leseni ndiyo yenye mashaka machache zaidi kati ya hizo mbili. Lakini kukosa mmiliki si sawa na kukosa mwenye sauti. Wanaoiandika kwa wingi ni watu wa GNOME, na mahitaji ya GNOME ndiyo yanayoamua nini kiongezwe na nini kiondolewe.

Waliohama, na sababu zao

Mtu akitaka kulinganisha tulkiti hizi mbili asome historia ya miradi iliyotoka moja kwenda nyingine, maana hao wamelipia maarifa yao.

Subsurface, programu ya kumbukumbu za wapiga mbizi, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2011 kwa lugha ya C na GTK. Mwaka 2013 ikahamia Qt. Torvalds amewahi kuikosoa C++ hadharani kwa maneno makali, na bado mradi wake ukahamia tulkiti ya C++. Dirk Hohndel, mtunzaji mwenzake, alieleza baadaye kwamba nyaraka za Qt na jinsi jumuiya yake ilivyowapokea na kuwajibu maswali vilikuwa na uzito mkubwa. Hapo panafaa kutulia kidogo. Mradi wa watu wachache haushindwi kwa sababu kitufe hakipo. Unashindwa mtu anapouliza swali siku ya Ijumaa na kukaa wiki tatu bila jibu.

Wireshark, programu ya kuchunguza mawasiliano ya mtandao, ilitangaza kuhama Oktoba 2013, na toleo la 2.0 lenye sura ya Qt likatoka Novemba 2015. Sababu kubwa ilikuwa Mac na Windows: kwenye Linux GTK ilikuwa sawa, lakini kwenye Mac watumiaji walihitaji X11, mfumo wa madirisha wa Unix, na programu ikaonekana ngeni. Sura ya zamani ya GTK iliondolewa kabisa mwaka 2019. Tazama miaka hiyo: 2013 hadi 2019 mradi ulikuwa ukitunza violesura viwili, ukilipa gharama mara mbili, ili watumiaji wasiachwe njiani.

LXDE, mazingira mepesi ya mezani, ilipoikabili GTK 3 mwaka 2013 iliona kwamba kama kuhama ni lazima, basi bora kuhamia Qt. Hapo ndipo LXQt ilipotoka, ikiungana na Razor-qt. Kicheza muziki cha Audacious kilijaribu GTK 3, kikarudi GTK 2, kisha tangu toleo la 4.0 mwaka 2020 kikaifanya Qt kuwa chaguo-msingi. Xfce ilibaki na GTK, na kubaki huko hakukuwa kwa bure: kutoka toleo la 4.12 la Februari 2015 hadi 4.14 la Agosti 2019, lengo kuu lilikuwa kumaliza kuhamia GTK 3.

Mtu anaweza kusoma orodha hiyo akasema, basi Qt imeshinda. Mimi siisomi hivyo. Qt nayo imewatesa watu wake: mpito wa KDE kutoka Qt 3 kwenda Qt 4, ulioleta KDE 4.0 Januari 2008, ulikuwa mgumu na watumiaji wengi walilalamika kwa miaka. Mpito wa Qt 5 kwenda 6 ulikuwa mwepesi zaidi, na Plasma 6, mazingira ya mezani ya KDE, ilitoka Februari 2024 bila mtikisiko wa aina ile. Tofauti ninayoiona ni kwamba Qt ina wateja wanaolipa wenye msimbo mkubwa wa zamani, na hao huizuia kampuni isivunje mambo ovyo. GTK haina breki hiyo.

GTK inapokufaa, na inapokukataa

GTK 4 pamoja na libadwaita, maktaba ya GNOME ya sura na vipengele vya ziada, ni mahali pazuri sana pa kuandikia programu ya GNOME. Unapata mwongozo wa usanifu uliofikiriwa, dirisha linalojibadilisha likipunguzwa hadi upana wa simu, na njia ya wazi ya kusambaza kupitia Flathub, duka la programu za Linux. Mfumo wa GObject hufanya maktaba iliyoandikwa kwa C itumike kutoka Python, JavaScript, Vala au Rust, kwa hiyo mchangiaji mpya haji akafukuzwa na lugha asiyoijua. Programu nyingi ndogo za GNOME zimeandikwa na mtu mmoja au wawili, na zinapendeza.

Bei yake ni sura. Programu ya libadwaita inaonekana ya GNOME kila inapokwenda, na haifuati mandhari ya mazingira mengine. Mwaka 2019, kabla ya libadwaita, kundi la waandishi wa programu za GTK liliandika barua ya wazi kuwaomba wasambazaji wa Linux wasibadilishe mandhari yao, kwa kuwa mabadiliko hayo huharibu aikoni na rangi na lawama huwarudia wao. Naelewa uchungu wao. Naelewa pia kwa nini Linux Mint, mwaka 2025, ilitengeneza libAdapta, nakala ya libadwaita inayokubali mandhari. Pande zote mbili zina haki, na wewe ukichagua libadwaita umechagua upande.

Kwa hiyo ukitaka programu ile ile iwe nyumbani kwenye Windows, Mac na Linux, Qt ndiyo chaguo langu, na Krita, OBS Studio na FreeCAD ni ushahidi wa kutosha. Kama hutaki C++, tumia Python, lakini tofautisha PyQt na PySide: ya kwanza ni GPL au ya kulipia, ya pili ina LGPL. Mifano ya moja hutumika karibu yote kwa nyingine, na watu huchukua ile waliyoikuta kwanza kwenye somo fulani bila kusoma leseni.

wxWidgets: mzee asiyevunja vitu

Julian Smart aliianza mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Wazo lake ni tofauti: haichori vitufe vyake, inatumia vya mfumo uliopo. Kwenye Windows unapata vitufe vya Windows, kwenye Linux inapitia GTK. FileZilla, ya kuhamisha faili, na KiCad, ya kubuni saketi za umeme, zimejengwa juu yake.

Uzuri wake ni utulivu. Toleo la 3.0 lilitoka 2013 na 3.2 likatoka 2022, na msimbo wa zamani kwa kiasi kikubwa unaendelea kukubali. Leseni yake ni kama LGPL yenye nafuu ya ziada. Udhaifu ni kwamba ukitaka kitu ambacho mifumo yote mitatu haina kwa pamoja, unaanza kuchora mwenyewe, na hapo faida yote inayeyuka. Kicheza video cha VLC kiliiacha kikaenda Qt katika toleo la 0.9 mwaka 2008, na Audacity, kihariri cha sauti kilichokaa nayo miaka mingi, inahamia Qt kwa toleo la 4. Programu yenye sura ya kipekee na michoro mingi haitakaa vizuri hapo. Programu ya fomu, orodha na mipangilio itakaa miaka ishirini.

Tk sitaisemea sana: kama ni zana ya ndani yenye dirisha moja na unaandika Python, Tkinter imeshakuja pamoja nayo na inatosha.

Njia ya kivinjari

Electron, inayojenga programu za mezani kwa teknolojia ya wavuti, ilianza GitHub mwaka 2013 kama msingi wa kihariri cha msimbo cha Atom. Atom ilifungwa Desemba 2022, lakini Electron ikabaki, na VS Code, kihariri cha Microsoft, iko juu yake. Hoja yake ni watu: wanaojua HTML, CSS na JavaScript ni wengi mno kuliko wanaojua GObject au C++. Mradi huria unaotafuta wachangiaji hauwezi kulipuuza hilo. Mtu anaweza kufungua msimbo wako leo na kutuma kiraka kesho.

Malalamiko yanayosikika zaidi ni uzito, na ni ya kweli. Kila programu inabeba Chromium nzima, kivinjari kilicho msingi wa Chrome, na Node.js ya kuendesha JavaScript, hivyo hata dirisha lenye neno moja huzidi megabaiti 100, na programu tatu ni Chromium tatu. Lakini mimi naogopa zaidi kalenda. Electron hutoa toleo kubwa kila wiki 8 na hutunza matoleo matatu ya karibuni tu. Ukikaa miezi sita bila kuboresha, unawapa watumiaji wako kivinjari chenye mianya ya usalama inayojulikana. Kampuni yenye wafanyakazi inaweza kwenda na mwendo huo. Mradi wa mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya mchana utachoka. GTK inakudai deni kubwa kila baada ya miaka tisa au kumi. Electron inakudai kidogo kidogo bila siku ya mapumziko.

Tauri, iliyofika toleo la 1.0 Juni 2022, inapunguza uzito kwa kutumia injini ya wavuti iliyomo tayari kwenye mfumo, huku sehemu ya nyuma ikiandikwa kwa Rust. Faili linakuwa dogo kweli, na marekebisho ya usalama ya injini yanaletwa na mfumo endeshi. Unachopoteza ni usawa: Windows inatumia WebView2, Linux inatumia WebKitGTK, na ukurasa uliokaa sawa upande mmoja unaweza kupinda upande wa pili. Jaribu kwenye mifumo yote kabla ya kuahidi chochote.

Kisoma skrini

Jambo hili hukosekana katika ulinganisho mwingi, na kwangu linatosha kuiondoa tulkiti kwenye orodha. Mtu asiyeona hutegemea kisoma skrini, nacho hutegemea tulkiti kueleza kwamba hapa pana kitufe, pale pana orodha yenye vipengele kumi. Kwenye Linux, GTK na Qt huzungumza na Orca, kisoma skrini, kupitia AT-SPI, njia ya mawasiliano ya vifaa vya ufikivu. Electron hurithi kazi nzuri ya Chromium. wxWidgets, kwa kuwa inatumia vitufe vya mfumo wenyewe, hupata huduma hiyo karibu bure. NVDA, kisoma skrini huria cha Windows, imejenga madirisha yake kwa wxPython.

Tulkiti inayojichorea kila kitu huanza bila chochote: kwa kisoma skrini dirisha lake ni picha tupu hadi mtu aandike maelezo hayo. Ndiyo maana nasita na kizazi kipya cha tulkiti za lugha ya Rust, kama iced, egui na Slint, ingawa kinavutia na System76 wamejenga mazingira yao ya COSMIC juu ya iced. Mradi wa AccessKit unaziba pengo hilo. Angalia tulkiti unayoitaka imefika wapi, na uangalie kwa kufumba macho na kuwasha kisoma skrini, maana ahadi kwenye ukurasa wa mbele haziendeshi programu.

Ningechagua vipi

Programu ndogo ya GNOME: GTK 4 na libadwaita, kwa Python au Rust. Programu kubwa ya mifumo mitatu, yenye michoro: Qt. Zana ya fomu na orodha itakayotunzwa na mtu mmoja kwa muda mrefu: wxWidgets. Timu ya watu wa wavuti wenye muda wa kufuata matoleo: Electron, au Tauri kama uzito unawauma na wako tayari kujaribu mara tatu.

Na vyovyote utakavyochagua, tenga injini na sura tangu siku ya kwanza. Transmission, programu ya kupakua faili kwa BitTorrent, ni mfano ninaoupenda: kazi ya kupakua iko katika libtransmission, na juu yake kuna sura ya GTK, ya Qt, ya Mac na ya wavuti. Toleo la 4.0 la Februari 2023 lilikubali kujengwa kwa GTK 3 au GTK 4. Kabla hujaandika dirisha la kwanza, andika programu yako iweze kuendeshwa kutoka kwenye mstari wa amri bila tulkiti yoyote. Kisha jenga dirisha moja la majaribio kwa kila tulkiti unayoifikiria: orodha ya mistari 10,000, maandishi ya Kiarabu yanayotoka kulia, na kitufe chenye tafsiri ndefu kuliko ya asili. Tuma swali moja la kweli kwenye jumuiya ya kila moja, na uhesabu siku hadi upate jibu.